Pointi 18 Tu: Hesabu ya Msimu Uliowavunja Denver Broncos

Mechi ya futiboli ya Kimarekani ilianza saa tisa na robo usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na ilipofika dakika ya mwisho jogoo walikuwa wameshachoka kuwika. Kule Seattle bado ilikuwa jioni ya Jumatatu, Septemba 12, 2022. Denver Broncos wako nyuma ya Seattle Seahawks kwa pointi moja, 17 kwa 16. Mpira ni wao. Imebaki kama dakika moja, na hawajatumia hata nafasi moja kati ya zile tatu wanazoruhusiwa kusimamisha saa. Wanahitaji yadi 5 ili waendelee kumiliki mpira, na anayeuchezesha, kwotabeki wao, ni Russell Wilson, mtu ambaye siku 11 kabla alikuwa amesaini nyongeza ya mkataba ya dola milioni 245.

Basi nikasogea karibu na skrini. Na hakuna kilichotokea.

Saa ikawa inatembea tu. Sekunde 50, 40, 30. Wachezaji wamesimama, kocha Nathaniel Hackett amesimama. Peyton Manning, kwotabeki aliyewapa Denver ubingwa wao wa mwisho, alikuwa anatangaza mechi ileile na ndugu yake, na kamera ikamnasa akiunda herufi T kwa viganja, ile ishara ya kuomba saa isimame, kama mzazi anayemwona mtoto wake akielekea mtaroni. Zilipobaki sekunde 20 ndipo saa ikasimamishwa. Halafu Wilson akatolewa. Akaingia mpigaji wao, Brandon McManus, aupige mpira kwa mguu kutoka yadi 64, wakati rekodi ya ligi nzima tangu ianze ilikuwa yadi 66. Ukapita kushoto mwa nguzo.

Watu walimcheka kocha, na haki yake ilikuwa kuchekwa. Kesho yake mwenyewe alikiri kwamba yadi zile 5 zilipaswa kuchezwa. Lakini msimu ule hauelezeki kwa sekunde zile 40, wala kwa ile sentensi ya mkato ambayo mashabiki bado wanairudia, kwamba Wilson alikuwa amekwisha. Ulikuwa fundo la nyuzi kadhaa, na nyingine zilianza kufungwa miaka 6 nyuma.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, yanatosha haya machache. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikifika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, na shuti la kati ya nguzo huongeza 1. Ikikwama njiani inaweza kupiga shuti kwa pointi 3. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira wa kwanza karibu kila jaribio na kuamua unakwenda wapi. Timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani, ni 32, kila moja hucheza mechi 17 kabla ya mtoano, na hakuna kushuka daraja.

Sasa, njaa ya Denver. Manning alistaafu Machi 2016, mwezi mmoja tu baada ya kuwafunga Carolina 24–10 kwenye Super Bowl ya 50, fainali ya ligi. Baada yake kiti kile kikawa kama benchi la kituo cha daladala. Trevor Siemian akakaa, akaja Paxton Lynch, akaja Case Keenum, Joe Flacco, Drew Lock, Teddy Bridgewater. Kilele cha aibu kilikuwa Novemba 2020, makwotabeki wote walipozuiwa kucheza kwa sababu ya kanuni za korona na kazi akapewa Kendall Hinton, kijana wa kikosi cha mazoezi aliyekuwa mpokeaji wa mpira. Alirusha pasi 9. Moja ikamfikia mwenzake, mbili zikawafikia wapinzani. Denver wakafungwa 31–3 na New Orleans. Ukiwa umeshayaona hayo kwa macho yako, siku ukiambiwa Russell Wilson anauzwa huulizi bei mara mbili.

Na Denver walimjua vizuri mno. Februari 2014 ndiye aliyewatandika 43–8 kwenye Super Bowl akiwa na Seattle Seahawks.

Biashara ilitangazwa Machi 8, 2022. Seattle walipokea wachezaji watatu, Drew Lock, Noah Fant na Shelby Harris, pamoja na nafasi 5 za drafti. Mbili kati ya hizo zilikuwa za raundi ya kwanza na mbili za raundi ya pili, za mwaka 2022 na 2023. Drafti ni ule mgao wa kila mwaka wa vijana wanaotoka vyuoni, ambapo timu mbovu ndiyo huchagua mwanzo. Denver wakapata Wilson na nafasi moja ya raundi ya nne. Bei ilikuwa kubwa, lakini wakati ule wachache waliiona ya kichaa, na kila aliyekuwa na mkeka aliiweka Denver kwenye mtoano.

Kilichofuata ndicho ninachokiona mimi kuwa kosa lenyewe. Wilson alikuja na mkataba wake wa Seattle uliokuwa na miaka miwili mbele. Denver hawakuwa na haraka yoyote. Wangeweza kumtazama msimu mzima, wakajua ni nani waliyemleta, ndipo wakae mezani. Badala yake Septemba 1, kabla hajacheza mechi hata moja, walimwongezea miaka 5, na jumla ya fedha zilizohakikishwa ikafika dola milioni 165, nyingi kati yake zikilipwa hata akiachwa. Ni sawa na mtu aliyekwisha kutoa mahari na kukubaliwa, kisha akarudi ukweni wiki ileile na mahari ya pili ambayo hakuna aliyeidai.

Kwa nini waliharakisha? Angalia kalenda. Agosti 9 ligi ilikuwa imeidhinisha klabu kuuzwa kwa dola bilioni 4.65 kwa kundi la Rob Walton, mrithi wa utajiri wa Walmart, na mkwewe Greg Penner. Familia ya Bowlen, iliyoishika klabu tangu 1984, ikaondoka. Wamiliki wapya wana fedha, wana hamu ya kuonyesha kwamba wamekuja kwa nia, na bei za makwotabeki hupanda kila mwaka, kwa hiyo hoja ya "tumfunge mapema kabla hajapanda bei" haikuwa ya kijinga. Ila ilikuwa hoja ya mtu anayejua hakika kwamba mchezaji atafaa, na kwa Denver hakuna aliyekuwa na namna ya kujua. Hackett hakuwahi kuwa kocha mkuu. Wasaidizi wake wawili wakubwa, wa ushambuliaji na wa ulinzi, nao hawakuwahi kushika vyeo hivyo kwenye NFL. Tena Hackett aliamua nyota wapumzike mechi za maandalizi, kwa hiyo dakika ya kwanza ya Wilson ndani ya jezi ile ilikuwa ileile ya Seattle, mbele ya watu wake wa zamani waliokuwa wakimzomea. Mmiliki mgeni, kocha mgeni, kwotabeki mgeni, na wote wanajifunza kazi mbele ya kamera.

Wiki iliyofuata Denver walicheza nyumbani dhidi ya Houston. Kabla ya kila jaribio kuna saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma, na ikifika sifuri mpira haujaanzishwa ni adhabu ya yadi 5. Denver walikuwa wakichelewa, wakichelewa tena, hadi uwanja mzima ukaanza kuhesabu kwa sauti: tano, nne, tatu, mbili... Kwa mbali ungedhani ni shangwe. Walikuwa wanamsaidia kocha wao kusoma saa. Walishinda 16–9, na siku chache baadaye klabu ikamleta mzee Jerry Rosburg, kocha aliyekuwa ameshastaafu, amsaidie Hackett maamuzi ya saa na ya jaribio la nne.

Hadi hapo unaweza kusema basi, timu mbovu. Lakini haikuwa mbovu yote, na ndiyo maana msimu huu unauma zaidi ya misimu mingine ya Denver. Chukua mechi 12 za kwanza. Katika mechi 8 kati ya hizo mpinzani hakuvuka pointi 17: Seattle 17, Houston 9, San Francisco 10, Indianapolis 12, Jets 16, Jacksonville 17, Tennessee 17, Baltimore 10. Safu ya ulinzi iliyokuwa na Patrick Surtain II pembeni na Ejiro Evero akiipanga ilikuwa inafanya kazi ya timu bingwa. Pointi 18 kila mara, yaani tachidauni mbili na mashuti mawili ya pointi 3, hata bila zile pointi moja moja za nyongeza, na Denver wangeshinda zote 8. Walishinda 3.

Mwisho wa msimu walikuwa wamefunga pointi 287 katika mechi 17, wastani usiofika 17 kwa mechi, wa mwisho katika timu zote 32. Walishinda 5, wakapoteza 12, na katika hizo 12, mechi 9 walizipoteza kwa tofauti ya pointi 7 au chini yake. Ukiwa na kwotabeki wa wastani tu, na kocha anayejua kusoma saa, hilo ni jedwali la timu ya mtoano.

Kwa nini basi hawakufika hata hizo 18? Hapa nyuzi zinasokotana na kila upande una wakili wake.

Wilson alijijengea jina kwa mchezo wa aina yake: anaukumbatia mpira, anazunguka nyuma ya walinzi wake, anachelewesha, kisha anaurusha juu kama mwezi, mrefu, unadondoka begani mwa mwenzake. Ni mchezo mtamu kuutazama, lakini unadai miguu ya kijana. Novemba ile alikuwa anatimiza miaka 34. Hackett alitokea Green Bay, kwenye mfumo wa pasi zinazotoka haraka na kwa mpangilio. Mmoja anataka mpira utoke sasa hivi, mwingine anataka dakika yake. Hawakukutana. Wilson aliangushwa na mpira mkononi mara 55, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake hadi pale, na akatoa tachidauni 16 tu kwa pasi katika mechi 15.

Juu ya hapo, majeruhi. Mpokeaji Tim Patrick aliumia goti mazoezini Agosti. Javonte Williams, mkimbiaji wao bora, goti likaenda Oktoba 2 kule Las Vegas. Siku nne baadaye Garett Bolles, mlinzi wa upande ambao Wilson hauoni anaporusha, akavunjika mguu. Mwenye kumtetea Wilson ataanzia hapo, na sina ubishi naye mkubwa.

Ila mechi aliyovunjika Bolles ina picha moja isiyotetewa kirahisi. Ilikuwa Alhamisi, Oktoba 6, dhidi ya Indianapolis Colts. Dakika zote 60 ziliisha bila tachidauni hata moja kutoka upande wowote, 9 kwa 9, na muda wa nyongeza ulipoanza mashabiki walikuwa wameshapanga foleni kwenye milango ya kutokea. Sijaona hiyo kwenye mchezo wowote: watu waliolipa tiketi wanaondoka mechi ikiwa sare. Colts wakaongoza 12–9. Denver wakafika yadi 5 kutoka mwisho wa uwanja, jaribio la nne, wanahitaji yadi 1. Wilson akapokea mpira, akatazama kushoto, akamrushia Courtland Sutton aliyekuwa amebanwa na Stephon Gilmore. Gilmore akaupangua. Mechi imekwisha.

Upande wa kulia KJ Hamler alikuwa peke yake, hana mtu. Akavua kofia yake ngumu akaibamiza chini. Baadaye alisema angeingia akitembea.

Picha ile nimeirudia mara nyingi. Kocha mzuri angempangia Wilson jambo la kumtazamisha kulia kwanza. Wilson wa miaka 26 pengine angetoka mbio kulia mwenyewe, na angemwona. Kosa ni la nani? Ndiyo hapo fundo lilipo: kocha asiyejua mtu wake anataka nini, na mchezaji asiyeweza tena kuficha makosa ya kocha wake. Ukimwondoa mmoja peke yake, mwingine pengine angenusurika.

Nusu ya pili ya msimu nitaipitia mbiombio. Walikwenda London, Wembley, wakawafunga Jacksonville 21–17. Siku mbili baadaye wakamuuza Bradley Chubb, mmoja wa nguzo za ulinzi, kwa Miami. Novemba Hackett alinyang'anywa, au alijinyang'anya, kazi ya kuchagua michezo, ikachukuliwa na msaidizi wake Klint Kubiak. Huko Carolina, Mike Purcell wa safu ya ulinzi alionekana akimfokea Wilson usoni kando ya uwanja, na ni nani angemlaumu, baada ya miezi mitatu ya kuzuia kila kitu na kupoteza? Siku ya Krismasi wakafungwa 51–14 na Los Angeles Rams, wachezaji wa Denver wakisukumana wao kwa wao kando ya uwanja. Kesho yake Hackett akafukuzwa akiwa na ushindi 4 katika mechi 15. Hakumaliza hata msimu wake wa kwanza. Mzee Rosburg, aliyeletwa kusoma saa, akamalizia mechi mbili kama kocha.

Kwenye soka tuliyoizoea habari ingekoma hapo. Usajili mbovu, tajiri anafungua tena pochi, dirisha linalofuata analeta mwingine. NFL haiendi hivyo, na wengi wa huku kwetu hili ndilo linalowapita.

Kila timu ina kikomo cha mishahara kilekile. Mwaka 2022 kilikuwa dola milioni 208.2, awe mmiliki ni mrithi wa Walmart au mtu wa kawaida zaidi. Lakini kuna daftari lenye ujanja wake. Tuseme mchezaji anapewa bonasi ya dola milioni 50 siku anaposaini. Fedha inaingia mfukoni mwake mapema, ila kwenye daftari la ligi inaruhusiwa kutandazwa kwa miaka isiyozidi 5, milioni 10 kila mwaka. Raha hiyo, kwa sababu mwaka huu unabaki na nafasi ya kusajili wengine. Sasa umwache baada ya miaka miwili: zile milioni 30 ambazo hazijaandikwa hazifutiki. Zinadondokea daftarini, na zinakula nafasi ya watu ambao ungewasajili. Fedha hizo Wamarekani huziita fedha mfu, na jina limekaa mahali pake. Unatengewa sahani ya mtu ambaye hayupo mezani.

Ndiyo maana ile sahihi ya Septemba 1 ilikuwa nzito kuliko shuti la yadi 64. Kwa mkataba wa zamani, Denver wangemaliza msimu wa 2022, wakakunja uso, na kuachana naye bila gharama kubwa. Kwa mkataba mpya walikuwa wamefungwa naye.

Na mlango wa pili wa kutokea, ule wa drafti, walikuwa wameshauuza. Timu ikivurunda, faraja yake ni kuchagua mapema. Nafasi ya Denver ya mwaka 2023 ilitua namba 5, ila mwenyewe alikuwa Seattle. Kila Denver walipofungwa, thamani ya zawadi ya Seattle ilipanda, na mashabiki wa kule walikuwa wakifuatilia matokeo ya Denver kama mtu anayefuatilia bei ya korosho yake. Namba 5 ikawapa Devon Witherspoon, beki aliyeitwa kwenye Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi, mwaka wake wa kwanza. Msimu uleule wa 2022 Seattle, waliodhaniwa wanabomoa nyumba, waliingia mtoano wakiwa na Geno Smith, kwotabeki aliyekaa benchi miaka mingi na ambaye sasa akaongoza ligi kwa asilimia ya pasi zinazofika.

Denver wakatafuta fundi. Januari 31, 2023 wakampata Sean Payton, na kwa kuwa New Orleans walikuwa bado na haki naye, naye pia alinunuliwa kwa nafasi za drafti: ya raundi ya kwanza waliyoipata kwa kumuuza Chubb, na ya raundi ya pili ya 2024, wakarudishiwa ya tatu. Payton hakumung'unya maneno. Julai alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba kazi ya mtangulizi wake pengine ilikuwa kati ya kazi mbovu zaidi za ukocha katika historia ya NFL; baadaye akajutia kulisema hadharani. Septemba hiyohiyo timu yake mwenyewe ikafungwa 70–20 na Miami. Mpira huu una tabia ya kumsikia mtu anaposema.

Walimaliza 2023 na ushindi 8 na vipigo 9, na Wilson kwa kweli alicheza vizuri kuliko mwaka uliotangulia. Lakini mechi mbili za mwisho aliwekwa benchi. Sababu mojawapo ilikuwa kwenye daftari: mkataba ulikuwa na dola milioni 37 za mwaka 2025 ambazo zingehakikishwa iwapo angeumia na kushindwa kufaulu vipimo vya afya Machi. Afadhali akae kuliko aumie. Machi 2024 wakamwacha. Fedha mfu zilifika dola milioni 85, rekodi ya ligi wakati ule, zikagawanywa: kama milioni 53 mwaka 2024 na 32 mwaka 2025. Hizo 53 peke yake zilikula zaidi ya moja ya tano ya kikomo chote cha mwaka ule.

Kilichowaokoa ni kijana wa bei nafuu. Bo Nix, namba 12 katika drafti ya 2024, alikuja na mkataba wa anayeanza kazi ambao ungeweza kukaa daftarini pembeni ya deni la Wilson bila kuvunja ukuta. Walishinda mechi 10, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu Manning aondoke.

Mechi ya kwanza ya Nix nyumbani ilikuwa Septemba 15, 2024, dhidi ya Pittsburgh Steelers. Wilson alikuwa amesaini huko kwa mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa mkongwe, dola milioni 1.21, karibu milioni 38 zilizobaki za mshahara wake wa mwaka ule zilitoka Denver. Siku hiyo alikuwa na maumivu ya shavu la mguu na hakucheza. Alisimama kando ya uwanja upande wa wageni, akiitazama Pittsburgh ikishinda 13–6.